Panya wa Kizimba cha Kumi na Mbili

Nchi yenyewe haitajwi hapa, si kwa woga, bali kwa kuwa imekwisha kujitaja vya kutosha: jina lake limo kwenye vikombe vya ofisi, kwenye kanga za sikukuu na kwenye mifuniko ya mifereji. Msomaji akiona mambo haya yanafanana na ya kwao, atulie tu. Kutulia ndiyo sera.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Utulivu, na mwaka mmoja Wizara iligundua kwamba wananchi wanakunywa. Wananchi wenyewe walikuwa wakilijua jambo hilo tangu zamani, lakini lilikuwa halijawa rasmi. Tume ikaundwa, ikakaa, ikala, ikaandika kwamba sababu za ulevi haziwezi kuzidi mbili: uvivu wa moyo na malezi mabaya. Ikapendekeza kila mlevi apelekwe Shamba la Kujirudi kwa miaka mitatu, akang'oe visiki hadi moyo wake upate bidii. Visiki vilikuwepo. Msitu ulikatwa mapema kwa ajili hiyo.

Hata hivyo, nchi ile iliheshimu sana sayansi. Sheria yake ilikataza mtu kuadhibiwa bila ushahidi wa kitaalamu. Kwa hiyo orodha ya walevi iliandikwa kwanza, majina mia nne na sita ya watumishi wa serikali, ikafungiwa kabatini, ndipo Taasisi ya Wanyama wa Utafiti ikapewa miezi mitatu ilete ushahidi wa kuifungulia.

Jina la kumi na tisa katika orodha hiyo lilikuwa la Gaspari Ndelwa, mchora ramani wa Idara ya Mipaka. Na mtunza panya wa Taasisi alikuwa dada yake, Akwilina.

*

Akwilina Ndelwa aliajiriwa kufagia. Alifagia miaka minne, na kwa kuwa vitabu vilivyotupwa na wataalamu vilikuwa sehemu ya takataka, alivisoma kabla ya kuvichoma. Kitabu kimoja kilichokosa jalada na kurasa thelathini za mwanzo kilimfundisha kupima, kuandika alichopima, na kutoandika asichopima. Wataalamu walipostaafu mmoja mmoja bila kuachiwa warithi, ikaonekana kwamba anayejua panya wanakula nini ni mfagiaji. Ufagio hakuuacha. Aliongezewa panya tu.

Hakuwa mtu wa kuhukumu upesi. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alitazama juu, akatazama kamba ya nguo, kisha akasema tungoje. Alisema kwa sauti ndogo hata panya walikuwa wakisimamisha masikio kumsikia.

Mkurugenzi wake, Profesa Kishimbo, hakuwa ameingia chumba cha panya kwa miaka sita, kwa sababu harufu iliganda kwenye suti. Alimwita Akwilina ofisini, akamweleza kwamba taifa linataka kujua kwa nini kiumbe hunywa. Akwilina akauliza kama taifa litasubiri.

"Taifa limengoja vya kutosha," alisema Profesa. "Litasubiri hadi mwisho wa robo."

Akwilina akapanga vizimba kumi na viwili. Kila kimoja kilikuwa na chupa mbili zenye mrija wa bati: moja ya maji matupu, nyingine ya maji yaliyotiwa pombe kali kidogo. Panya alikuwa na hiari ya kunywa atakako. Kila asubuhi Akwilina alizipima chupa kwa mizani ya shaba, na kilichopungua akakiandika.

Panya watano wa kwanza waliachwa na amani yao. Sita waliofuata walipelekwa kila siku, kwa dakika kumi, ndani ya kizimba kikubwa cha dume aliyeitwa Chuma. Chuma hakuwa panya mbaya. Alikuwa na kizimba, na kila aliyeingia humo alijua upesi ni cha nani. Alimsukuma mgeni, akamlaza chali, akamsimamia juu, na mgeni alipokwisha kukubali kwamba si kitu, Chuma alirudi kula. Yeye mwenyewe alikunywa maji tu.

Kizimba cha kumi na mbili hakikuwa na panya. Kitabu kisicho na jalada kilisema chupa hudondosha matone yenyewe inapotikiswa, kwa hiyo sharti pawe na kizimba kitupu chenye chupa zilezile, ili mtu ajue ni kiasi gani kimepotea bila kunywewa. Tena kilisema kizimba hicho kibebwe sawasawa na vinavyobebwa. Basi kila siku Akwilina alikibeba hata hicho kitupu, akakiweka mbele ya Chuma kwa dakika kumi, mlango umefungwa, kisha akakirudisha mahali pake. Kila asubuhi chupa yake ya pombe ilikuwa imepungua gramu mbili.

*

Nyumbani nako kulikuwa na mizani, ya zamani, ambayo Taasisi iliitupa na yeye akaiokota. Gaspari alikuwa na chupa yake rafuni, imezibwa kwa gunzi la hindi. Kila asubuhi dada yake aliipima kabla ya kuchemsha chai. Hakuwahi kumwambia aache. Aliona si haki kumwambia mtu aache kitu ambacho hakijapimwa.

"Panya wako wa kumi na tatu ameamkaje?" Gaspari alikuwa akiuliza, huku akifunga viatu.

"Mia mbili na sabini," alijibu Akwilina, na kuandika.

"Amejitahidi maskini."

Kando ya chupa hiyo aliweka nyingine kama hiyo, yenye pombe ileile na gunzi lilelile, ambayo hakuna aliyeigusa. Gaspari alicheka sana alipoiona. Alimwambia dada kwamba hata jikoni amemfungulia mtu asiyekuwepo chumba. Lakini chupa ile nayo ilipungua: pombe ilipenya kwenye gunzi ikaenda zake hewani, gramu mbili kwa siku, kiangazi na masika.

Gaspari alianza kunywa kwa sababu ya mto. Mto mmoja wa mpakani ulikuwa umehama njia yake baada ya mafuriko, naye akauchora pale unapopita. Mkuu wa Idara, Bwana Lutengano, alikuwa amekwisha kutia sahihi ramani inayouonyesha pale ulipopita zamani. Tangu hapo, kila asubuhi, Gaspari aliitwa ofisini kwa mkuu, akasimamishwa mbele ya ramani na wahudumu wakiangalia, akaulizwa, "Mto uko wapi, Gaspari?" Naye alitakiwa anyoshe kidole pale ambapo mto haupo. Akinyosha, aliulizwa kwa nini basi aliuchora kwingine, kama ni upofu au ni kiburi. Alipokwisha kukubali kwamba ni vyote viwili, aliruhusiwa kurudi mezani kwake.

Baada ya wiki saba Akwilina aliweka daftari la kazini na la nyumbani bega kwa bega. Panya walioachwa na amani walilamba pombe kidogo, wakarudi kwenye maji. Panya waliopelekwa kwa Chuma walikunywa mara tatu zaidi. Tena hawakunywa sana baada tu ya kupigwa. Saa hizo walijikunyata, hawakutaka chochote. Walikunywa walipokuwa wakingoja kesho. Aliangalia daftari la nyumbani. Siku nzito kuliko zote ilikuwa Jumapili, siku ambayo hakuna aliyemfokea Gaspari. Na wiki ile Bwana Lutengano aliposafiri kwenda kwenye semina ya uongozi, chupa ilikaa rafuni kama mgeni.

Akangoja wiki mbili nyingine, asije akawa amekosea. Hakuwa amekosea.

*

Fomu ya Wizara ilikuwa na safu tatu: namba ya kizimba, shinikizo (ndiyo au hapana), na kiasi kilichonywewa. Safu ya maelezo haikuwepo, kwa kuwa maelezo huleta maswali. Akwilina alijaza alichopima, akaambatisha kurasa nne za mwandiko wake akifafanua kila kitu, pamoja na kizimba kitupu. Wizara ilipokea fomu. Kurasa nne zilirudishwa na mhuri unaosema HAZIKUOMBWA.

Siku tatu baadaye Mheshimiwa Waziri wa Utulivu alizungumza na taifa kwa redio. Alisema sayansi imesema. Alisema wapo wapotoshaji wanaodai kwamba mtu hunywa kwa kusukumwa na wakubwa, lakini katika Taasisi yetu wenyewe, kwenye kizimba cha kumi na mbili, yupo panya mzalendo aliyepelekwa mbele ya mkubwa kila siku sawa na wenzake, na bado hakuzidisha gramu mbili. Halalamiki. Hali chakula kingi. Kwa kauli moja, kamati ya majina ilikuwa imempa jina la Mstahimilivu. Kama yeye ameweza, alisema Waziri, anayeshindwa ameshindwa na moyo wake. Kabati lingefunguliwa baada ya sherehe ya kumtunuku.

Akwilina alizima redio, akaenda kwa Profesa Kishimbo akiwa bado na aproni.

"Profesa, kile kizimba ni kitupu."

Profesa alikuwa akijaribu tai mbele ya dirisha. Mikono yake ikasimama shingoni.

"Kitupu kivipi?"

"Hakina panya. Hakijawahi kuwa na panya."

"Bi Akwilina, mimi nakuheshimu sana. Nchi nzima imesikia. Sasa ukisema hakuna panya, Mheshimiwa alimsifu nani?"

Akwilina alifikiri kwa uaminifu. "Alisifu matone, Profesa."

Profesa aliketi. Alitazama mlango, akatazama tai, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza jeneza kwamba jambo hili libaki humu ndani, na kwamba Mstahimilivu ni mnyenyekevu, hapendi kuonekana na watu. Dada wa jina la kumi na tisa akarudi kwa panya wake. Alihesabu siku zilizobaki kabla ya sherehe, zikawa nne.

*

Siku ya sherehe zulia lilitandikwa hadi chumba cha panya. Waziri aliingia na wapambe wanane, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita Profesa naye akaingia, akiwa ameshika pumzi. Panya wa kweli walikuwa wametolewa, maana waliosukumwa walionekana vibaya na walioachwa walionekana wameridhika bila kibali. Kilibaki kizimba cha kumi na mbili peke yake, mezani, kimezungushiwa utepe.

Profesa alieleza kwamba mnyama ni mnyenyekevu. Waziri aliinama, akachungulia. Aliona maranda safi, chupa mbili, sahani ya chakula ambayo haijaguswa. Hapakuwa na harufu. Hapakuwa na kinyesi. Hapakuwa na sauti ya kulalamika wala ya kutafuna. Alichungulia muda mrefu, na wapambe wakaona jicho lake limelowa.

"Laiti wananchi wote wangekuwa hivi," alisema. "Wapo, ila huwaoni."

Wakapiga makofi. Nishani ikafungwa kwenye waya wa kizimba.

Hapo moyo wa Waziri ukapanuka, na moyo wa Waziri ulipopanuka ulizaa agizo. Alisema serikali si katili. Kabla ya kwenda Shamba la Kujirudi, wote mia nne na sita wapewe fursa ya kuishi kwa masharti yaleyale aliyoishi Mstahimilivu, siku sitini. Atakayekuwa na kiwango cha Mstahimilivu siku ya sitini, yaani gramu mbili na zisizidi, jina lake lifutwe. Atakayezidi, visiki vinamsubiri. Akamwambia Profesa aandike masharti hayo kwa usahihi wa kisayansi, bila kuongeza wala kupunguza.

Profesa alimgeukia Akwilina, kama alivyofanya kila palipohitajika usahihi.

Aliandika siku mbili. Wakati wa kuandika alikuwa na kishawishi, na si vema kumfichia mtu anayesifiwa kwa uaminifu: angeweza kuandika kiwango cha gramu mia mbili, na hakuna ambaye angebisha. Aliinua kalamu, akaishusha. Hakuwahi kuandika asichopima, na aliogopa kwamba akianza kwa ajili ya ndugu yake hatajua tena pa kuachia. Basi aliandika yaliyokuwa ya kweli kuhusu kizimba cha kumi na mbili. Kwamba kila siku kilibebwa hadi mbele ya mkubwa, kikakaa hapo dakika kumi. Kwamba katika dakika hizo mlango haukufunguliwa hata mara moja. Kwamba mkubwa hakukigusa, hakukisimamia, hakukiuliza chochote. Kwamba baada ya hapo kilirudishwa mahali pake, kikaachwa, na chupa hazikuondolewa wala kufichwa, bali zilipimwa kila asubuhi.

Zilikuwa kurasa tisa. Waziri alisoma kichwa cha habari, akapima unene wa karatasi kwa vidole, akatia sahihi.

*

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi ya Ijumaa Gaspari Ndelwa alisindikizwa na mkaguzi mwenye saa hadi mlangoni kwa Bwana Lutengano, akasimama hapo dakika kumi, na mlango haukufunguliwa. Ndani Bwana Lutengano alikohoa. Alikuwa amekwisha kuonyeshwa agizo: akifungua, amevuruga utafiti wa taifa. Saa ikalia, Gaspari akarudishwa mezani kwake, akachora.

"Ulijisikiaje?" Akwilina alimwuliza jioni.

"Kama mpumbavu," alisema Gaspari. "Lakini mpumbavu aliyekaa salama."

Nchi nzima ikawa hivyo. Asubuhi ungeona watu mia nne na sita wamesimama mbele ya milango iliyofungwa, kimya, na wakubwa wao nyuma ya mbao wakikwaruza vitasa. Kazi za serikali katika siku zile zilisonga mbele kiasi cha kutia shaka. Vyeti vya kuzaliwa vilitoka wakati watoto bado wachanga. Barua zilijibiwa na watu walioulizwa.

Lakini chupa ya rafuni haikujua agizo. Wiki ya kwanza ilipungua mia mbili na themanini kwa siku, sawasawa na zamani, na Jumapili mia tatu na arobaini. Wiki ya tatu ikawa mia mbili. Mwili, aliona Akwilina, huendelea kungoja hata pasipo na kinachokuja. Wiki ya sita, siku nyingine arobaini, siku nyingine sita. Jumapili bado mia na kumi. Kila alfajiri Akwilina alipima, akaandika. Gaspari aliacha kufanya mzaha kuhusu panya wa kumi na tatu. Siku moja alirudi akasema ameuchora mto pale unapopita, na hakuna aliyemwita.

Siku ya sitini iliangukia Jumatatu. Kipimo chake kingekuwa cha usiku wa Jumapili.

Jioni hiyo ya Jumapili Gaspari alikaa uani akichonga penseli zote alizokuwa nazo, hata zilizokwisha kuchongwa. Akwilina alipika, wakala, hakuna aliyetaja rafu. Alipomaliza kuosha vyombo alisimama mlangoni.

"Gaspari. Kesho nitaandika nitakachokiona."

"Najua, dada."

"Hata kikiwa tatu."

"Ukiandika kingine," alisema Gaspari, akipuliza maganda ya penseli, "nitakuwa na mkuu mwingine hapa nyumbani."

*

Mkaguzi alifika mapema na fomu. Fomu haikuwa na mahali pa kuuliza kama mpimaji na mpimwaji walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo hakuuliza. Alizungumza, kwa kuwa alipenda kuzungumza. Alisema Mstahimilivu amepandishwa cheo, sasa ni mshauri wa Wizara, na amepewa dereva. Alisema, kana kwamba mtunza panya hakujua, kwamba Chuma hana tena panya wa kuletewa, naye tangu mwezi uliopita ameigundua chupa ya pili. Profesa ameagiza jambo hilo lisipimwe. Alisema orodha mpya inaandikwa, na kwamba, hili lisitoke hapa, jina la nne ni la Bwana Lutengano. Majirani wanasema anaagiza chupa mbili kwa siku. Mtu amezoea kuwa na wa kumsimamia, alisema mkaguzi. Ukimwondolea ghafla, atashika nini?

Akwilina alifungua daftari. Aliweka jiwe la gramu mia kwenye mizani, akaona sindano iko sawa. Akapima kwanza ile chupa ya pembeni, isiyo ya mtu: mbili, kama siku zote. Kisha akaishusha chupa ya Gaspari kwa mikono miwili, akaipangusa vumbi jembamba la usiku kucha, na akaiweka. Akasubiri sindano itulie. Akaitoa, akaiweka tena. Mara ya tatu mkaguzi aliacha kuzungumza.

Gaspari alikuwa nje, amewapa mgongo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Ngapi, dada?"

Aliandika kwanza. Kisha akafunga daftari, akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Mbili. Za gunzi tu."